Kabla ya Kutia Sahihi Chini ya "More or Less"

Karibu kila mkataba wa kuuziana ardhi unaoandikwa Nakuru una sentensi inayofanana na hii: kipande nambari fulani, chenye ukubwa wa hekta 0.0450 "or thereabouts". Mawakili wengine hupendelea "more or less". Matangazo ya mnada magazetini wakati mwingine huyabeba yote mawili, na "approximately" ikatangulia mbele. Mnunuzi huisoma nambari, akaridhika, akayaruka maneno yanayoifuata. Nawaomba tuyasome leo, kwa sababu ndani yake zimo futi ambazo mtu amezilipia na huenda asizipate.

Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hayana uzito. Mwingereza akisema kazi yake imekwisha "more or less", ana maana kwamba kilichobaki si cha kuhesabu. Nasi tunazo njia zetu za kusema hivyo: eka mbili hivi, kilo tano na kitu, takriban saa moja. Hakuna anayemshtaki mwenzake kwa sababu ya "hivi". Lakini maneno hayohayo yakiingia kwenye hati ya ardhi, yanageuka kuwa sharti. Muuzaji anasema: nakuuzia kipande hiki kama kilivyo ndani ya mipaka yake, na nambari niliyoandika ni makadirio, ikipungua kidogo usinidai, ikizidi kidogo sitakudai. Ukitia sahihi, umekubali.

Kidogo ni kiasi gani? Hapo ndipo penye ugomvi wote, na ni ugomvi wa zamani. Mwaka 1812 mahakama ya Uingereza ilisikiliza kesi ya Winch na Winchester. Shamba lilikuwa limeelezwa kuwa na eka 41 "be the same more or less", lilipopimwa likapatikana na eka 35 hadi 36. Mnunuzi aliomba bei ipunguzwe, akakataliwa. Mwaka 1826 ikaja kesi ya Portman na Mill, ambapo shamba la eka 349 "or thereabouts" lilipungua kwa takriban eka 100. Huko Lord Eldon aliona kwamba upungufu mkubwa namna hiyo hauwezi kufichwa nyuma ya maneno hayo. Kesi hizi hazijatupita mbali. Sheria yetu ya Mahakama inaturithisha kanuni za Uingereza za sheria ya kawaida na za usawa jinsi zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, pale ambapo hatujatunga zetu na kwa kadiri zinavyofaa hali zetu. Kwa hiyo mnunuzi wa Lanet au Njoro anayedhani kwamba jaji atamrudishia fedha kwa kila futi iliyokosekana, ajue kwamba kuna mtu aliyekosa eka tano nzima akarudi nyumbani mikono mitupu.

Jambo moja zaidi ambalo mahakama huangalia ni jinsi bei ilivyofikiwa. Kama mlielewana bei ya kipande kizima, "hili shamba lote kwa kiasi hiki", maneno ya makadirio humlinda sana muuzaji. Kama bei ilikokotolewa kwa eka au kwa futi, mnunuzi ana mahali pa kusimama, maana kila kipimo kilikuwa na bei yake. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba mkataba uonyeshe hesabu, usionyeshe jumla peke yake.

Watu huuliza: kwani hatimiliki haisemi ukubwa halisi? Itoe kabatini uitazame. Karibu na nambari ya kipande pameandikwa kwamba ukubwa ni wa kukadiria. Serikali yenyewe haikuapia nambari ile. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaeleza kwamba, isipokuwa pale sajili inapoonyesha kuwa mipaka imethibitishwa, ramani huonyesha mipaka ya kukadiria na mahali pa kukadiria tu. Mpaka wenyewe ni kile kilichopo ardhini: ua wa kayaba, mstari wa mkonge, mtaro, bikoni kama bado ipo.

Utaratibu huu una historia yake hapa kwetu. Baada ya Uhuru, mashamba makubwa ya walowezi katika Bonde la Ufa yalinunuliwa na kampuni na vyama vya wananchi, kama Ngwataniro na Ndeffo, kisha yakagawanywa kwa wanahisa. Watu walikuwa wengi, wapimaji wachache, na wenye hisa walitaka kulima msimu huohuo. Kuweka mipaka ya kukadiria kulikuwa rahisi na haraka, na bila njia hiyo wengi wangekufa wakiwa na risiti za hisa peke yake. Sioni sababu ya kuwalaumu waliofanya hivyo. Lakini kipimo kilichotosha kugawa eka mbili na nusu za mahindi na viazi hakitoshi unapokata eka hizo kuwa ploti ishirini za kujenga nyumba. Kwenye ramani iliyochorwa kwa kipimo cha 1:2,500, milimita moja ya karatasi ni mita mbili na nusu za ardhi. Mstari wa nusu milimita peke yake unafunika zaidi ya mita moja. Mwenye shamba la eka kumi hatalihisi hilo. Mwenye ploti ya upana wa mita kumi na tano amepoteza njia ya kupitisha gari kando ya nyumba.

Sasa tuje kwenye ploti ya "hamsini kwa mia", ambayo ndiyo inayouzwa kila kona tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji Desemba 2021, na hata kabla ya hapo. Broka atakwambia, "Mama, hii ni thumuni ya eka, hamsini kwa mia." Hapo ameshataja vitu viwili tofauti. Eka moja ni futi za mraba 43,560, kwa hiyo thumuni yake ni futi za mraba 5,445, yaani hekta 0.0506. Futi hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000, yaani hekta 0.0465. Tofauti ya futi 445 inatosha kuweka jiko, bafu na tangi la maji. Na bado hatujafika mwisho, kwa sababu ploti nane za eka moja lazima ziwe na barabara.

Chukua eka moja ya mraba, kila upande takriban futi 209. Pitisha katikati barabara ya upana wa futi 30, ambayo ni kama mita tisa. Barabara hiyo inameza futi za mraba zaidi ya 6,200. Kilichobaki ukikigawa mara nane, kila ploti inapata takriban futi za mraba 4,660, hekta 0.0433, yenye umbo la kama 52 kwa 89. Hakuna aliyeiba. Ni hesabu tu. Kwa hiyo ukiona mtu amekata eka moja kuwa ploti nane na kila moja anaiita hamsini kwa mia, muulize barabara imepita wapi. Ama barabara ni nyembamba kiasi kwamba lori la mchanga halitaingia, ama ploti si hamsini kwa mia, ama "or thereabouts" imewekwa pale kwa kusudi. Tuseme bei ni shilingi milioni moja kwa futi 5,000: kila futi ya mraba umeinunua shilingi 200. Ukipata 4,660, umelipa shilingi 68,000 kwa ardhi ambayo haipo.

Nenda ukapime kabla ya kulipa hata shilingi ya kuonyesha nia. Chukua futi kamba ndefu, si ile ya fundi ya mita tano, na mtu wa kushika upande wa pili. Pima pande zote nne. Kisha, na hapa ndipo wengi huacha, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, mara mbili. Ploti ya kweli ya hamsini kwa mia ina mshazari wa futi 111 na inchi kama kumi, na mishazari yote miwili iwe sawa. Ikitofautiana, ploti imelala upande. Pande zaweza kuwa 50 na 100 bila dosari, lakini kona zikiwa zimeinama hadi nyuzi 60, ukubwa unashuka kutoka futi za mraba 5,000 hadi 4,330. Kwa macho hutaiona, hasa kama nyasi ni ndefu.

Wale mnaotazama ploti kwenye miteremko, kuanzia mabega ya Menengai hadi Bahati, Subukia na juu kuelekea Mau, kuna jambo jingine. Ramani hupima ardhi kana kwamba imelala tambarare. Futi kamba yako hufuata mteremko. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, futi 100 ulizozipima juu ya nyasi ni futi 94 tu kwenye ramani. Muuzaji atakuonyesha futi kamba ikisoma mia na atakuwa anasema kweli. Hatimiliki ikija na nambari ndogo nayo itakuwa inasema kweli. Mkataba uliosema "more or less" utazimeza nambari zote mbili. Ukitaka kujua mapema, shika kamba ikiwa imenyooka sawa kwa pima maji, hatua kwa hatua ukishuka, ujumlishe vipande.

Wengine hutumia simu. Simu ni nzuri kwa kutafuta njia ya kwenda Kiamunyi, lakini haifai kupima ploti. Hata chini ya anga wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita kama tano, na ploti yenyewe ina upana wa mita kumi na tano. Kuhesabu hatua ndiyo mbaya zaidi. Broka ana hatua zake na wewe una zako.

Kipimo chako cha kamba ni cha kukupa mashaka au amani ya kwanza. Cha kutegemea ni cha mpimaji mwenye leseni chini ya Sheria ya Upimaji, Sura 299. Mchague mwenyewe na umlipe mwenyewe. Mpimaji aliyeletwa na muuzaji anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, lakini anamtumikia aliyemwita. Mpe nambari ya ramani iliyoandikwa kwenye hatimiliki ili aipate ofisi ya upimaji, na umwombe akuandikie ripoti yenye ukubwa alioupata, bikoni alizozikuta na ambazo hazipo, na kama kipande kilichoonyeshwa ardhini ndicho chenye nambari ile. Hilo la mwisho ni zito kuliko futi zote. Kuna watu waliojenga vizuri, kwa vipimo sahihi, kwenye ploti ya jirani.

Muulize pia ploti yako ni ya ngapi kwenye mstari. Ploti zikikatwa kuanzia upande mmoja, kila kosa dogo husukumwa mbele. Wa kwanza akiweka ua wake nusu mita nje, wa pili naye husogea, na wa mwisho, ambaye mara nyingi yuko karibu na korongo au reli, ndiye anayekuta pamebaki pungufu. Na kama kinyume chake umekuta una ziada ya futi sita, usifurahi upesi. Katika mitaa mipya ziada hiyo mara nyingi ni sehemu ya barabara au ya jirani ambaye hajafika. "More" ya kwenye mkataba haikupi ruhusa ya kujenga ukuta juu ya akiba ya barabara.

Baada ya kipimo ndipo mrudi kwa wakili. Hapa nawaomba muwe wakaidi kwa heshima. Wakili akisema, "Haya ni maneno ya kawaida tu, kila mkataba unayo," anasema kweli, na ndiyo sababu ya kuyazungumzia. Kuyafuta kabisa si lazima. Hata upimaji mzuri una tofauti ndogo, na muuzaji mwaminifu ana haki ya kulindwa dhidi ya mnunuzi anayetafuta kisingizio kwa ajili ya inchi tatu. Kinachotakiwa ni kuyawekea ukingo. Unaweza kupendekeza kifungu kama hiki, kisha wakili akakiweka katika lugha yake: "Bei imekokotolewa kwa msingi wa hekta 0.0465. Upimaji wa mpimaji mwenye leseni ukionyesha upungufu unaozidi asilimia 2, bei itapunguzwa kwa kiwango hicho. Upungufu ukizidi asilimia 10, mnunuzi anaweza kuuvunja mkataba na kurudishiwa fedha zote alizolipa." Kuna njia nyingine fupi zaidi: badala ya "more or less", iandikwe "isiyopungua". Neno hilo moja linahamisha mzigo wote kwenda kwa muuzaji, na utaona haraka kama anaiamini ploti yake.

Kifungu cha aina hii lazima kiwe ndani ya mkataba wenyewe. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba kinataka makubaliano ya kuuziana ardhi yawe kwa maandishi, yametiwa sahihi na pande zote, na sahihi zimeshuhudiwa. Ahadi ya mdomo kwamba "ikipungua tutaelewana" haina mahali pa kuishikia. Angalia pia kama mkataba unayaingiza Masharti ya Uuzaji ya Chama cha Mawakili. Mikataba mingi huyaingiza kwa sentensi moja bila kuyaambatisha. Mwombe wakili akuonyeshe kurasa zenyewe, hasa zinazohusu makosa katika maelezo ya mali, kwa sababu yaweza kuwa umekubali huko kile ulichokikataa hapa.

Mnada ni dunia nyingine. Tangazo la kuuza mali iliyowekwa rehani litasema kipande kina ukubwa fulani "or thereabouts", kisha chini kwa herufi ndogo litakutaka ujithibitishie kila kitu mwenyewe, kwa kuwa dalali na benki hawadhamini maelezo hayo. Kwa kawaida unalipa asilimia 25 nyundo inapoanguka na kilichobaki ndani ya siku 90. Hakuna kifungu cha upungufu utakachopewa hapo. Kazi yote ya kupima hufanywa kabla ya siku ya mnada, na kama huwezi kuingia kwa sababu mwenye nyumba bado anaishi ndani na hataki kukuona, basi bei unayoitaja iwe ya mtu ambaye hajapima. Usiongeze dau kwa sababu ya nambari iliyo gazetini.

Ploti za kando ya maziwa nazipitia haraka, kwa kuwa shida yao si ya kipimo peke yake. Maji ya Naivasha na ya Ziwa Nakuru yamepanda miaka ya karibuni yakala mashamba na nyumba. Wakazi wa mtaa wa Kihoto huko Naivasha wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Ardhi yenye mpaka unaofuata ukingo wa maji usiipime wakati wa kiangazi ukadhani umemaliza. Uliza wazee waliokaa hapo maji yaliwahi kufika wapi.

Na aliyekwisha kununua, akapima baadaye, akakuta pamepungua? Asikimbilie kortini kwanza kwa ajili ya mpaka. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinaizuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa kwa utaratibu wa sheria, na utaratibu huo huanzia kwa msajili wa ardhi. Unaandika maombi katika ofisi ya ardhi, majirani wanapewa notisi, kisha msajili na mpimaji wanakuja kuona na kusikiliza kila upande. Ukitaka mpaka uache kuwa wa kukadiria, kifungu cha 19 kinakuruhusu kuomba uthibitishwe. Upimaji wa namna hiyo una gharama, na majirani mnaweza kuchangia kwa kuwa utawafaa wote. Lakini kama kilichopungua ni ardhi ambayo muuzaji hakuwa nayo tangu mwanzo, hiyo si kesi ya mpaka, ni kesi ya mkataba, na utaulizwa mambo mawili: bei ilikokotolewaje, na maneno yaliyofuata nambari yalisemaje. Beba mkataba, risiti za malipo na ripoti ya mpimaji. Bikoni yoyote utakayoikuta iache mahali pake hata kama unaamini iliwekwa vibaya, kwa maana kuing'oa au kuiharibu ni kosa la jinai, na ukiigusa utakuwa umempa mwenzako kesi ambayo hakuwa nayo.